Milango Isiyosikia Amri

Kiswahili changu nilikiokota getini,
kambi ya Mbarara, baba akiwa zamu.
Simama. Nani wewe. Fungua. Funga.
Ndani ya nyumba tulisema Kinyankole,
lugha ya maziwa na ya kujuliana hali;
Kiswahili kilikuwa cha chuma na bawaba.

Sasa nakiandikia daftari la maabara
kwa kuwa hakuna anayelisoma ila mimi.

Saa tatu usiku. Yai la chura limo kisahanini,
nusu jeusi, nusu rangi ya siagi,
halizidi punje ya ulezi.
Mama yake alinaswa na Nuwagaba
katika mashimo ya matofali kando ya Rwizi,
kwa ndoo na kipande cha ini.
Siku tatu zilizopita nililidunga ujumbe: jenga milango.
Likajenga. Halikuuliza ya nani.
Usiku huu nimelichoma ncha mbili za kioo,
moja inasikiliza, moja inasukuma.

Ndani hasi, nje chanya.
Tofauti yenyewe haiwashi hata taa ya baiskeli,
ila utando ni mwembamba,
mwembamba hivi kwamba ukiipima nguvu kwa unene wake
radi ya Machi ingeona haya.

Na katika kila mlango, vijiti vinne
vyenye chaji chanya, vimevutwa chini,
vimenywea kama watoto waliosikia buti barazani.

Nazungusha kitufe. Hasi themanini.
Hasi sitini. Kimya.
Hasi arobaini,
na vijiti vinapanda, mlango unaachama,
sodiamu inaingia kwa fujo,
mstari kwenye skrini unazama
kama jembe lililokuta udongo wa mvua.
Kisha, sijapepesa, kizibo kinaruka
kutoka ndani kwa ndani na kuziba.
Uko wazi na haupitiki.
Uamrishe utakavyo: hautapitisha kitu
mpaka utando urudi chini
upumzike.

Kembabazi alikuwa na miaka tisa.
Uji ulimwagika kwanza, kisha yeye,
visigino vikigonga sakafu ya saruji
ta-ta-ta-ta, kama mtu anayebisha
nyumba ambayo tayari yumo.
Baba akasimama juu yake na sare yake yote:
Tulia! Tulia nasema!
Kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha
aliyowahi kuona ikitiiwa.
Mama alimlaza ubavu, akamfuta mdomo kwa kanga,
hakusema neno.

Kidonge anachomeza siku hizi
nimekisaga, nimekiyeyusha, nimekitia humu,
tone, tone, kwenye maji ya chumvi.
Najua haitoshi kuwa utafiti.
Nilitaka kuona tu.
Mlango unafunguka vilevile, wa kwanza, wa pili;
lakini nikiuharakisha, kizibo kinakawia kutoka,
kinashikiliwa kitambo,
na mstari unazama kidogo,
kidogo zaidi,
mpaka unakuwa kama mkunjo wa shuka.

Saa tatu na dakika arobaini umeme umekatika.
Feni ya kompyuta imepumua mara moja, basi.
Jenereta haina mafuta tangu Jumanne.
Nimekaa gizani na yai
ambalo bado lina volti zake,
halidaiwi bili na mtu.

Simu. Ni baba; hupiga kila usiku.
Umefunga geti?
Nimefunga.
Bado unachunguza ile milango ya vyura?
Bado.
Inasikia lugha gani?
Haisikii, mzee. Inahisi tu tofauti
kati ya ndani na nje.

Amenyamaza hadi nikadhani muda wa maongezi umeisha.
Kisha kwa Kinyankole, polepole,
kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi,
akauliza kama Kembabazi amemeza cha jioni.